Kaburi la mama yake Lincoln, na yale tunayoyaamini juu yake

Kusini mwa Indiana, Marekani, kuna kilima kidogo chenye uzio wa chuma na makaburi ya walowezi wa mwanzo. Wageni hupanda pale kwa ajili ya kaburi moja tu, la Nancy Hanks Lincoln, mama mzazi wa Rais Abraham Lincoln. Wengi hushuka na picha ya jiwe, na mambo mawili matatu yasiyo kweli.

Tuanze na jiwe lenyewe. Hudhaniwa kwamba liliwekwa na familia. Nancy alifariki tarehe 5 Oktoba 1818. Jiwe likaja 1879, miaka 61 baadaye, kwa fedha za Peter Studebaker, mmoja wa ndugu waliokuwa na kiwanda cha magari ya farasi. Hakuwa hata jamaa wa marehemu, na jina lake hakulichonga: aliandikisha tu kwamba limewekwa na rafiki wa mwana wa Nancy. Jiwe linasema pia Nancy alifariki akiwa na miaka 35. Kumbukumbu zinasema alizaliwa Februari 1784. Piga hesabu mwenyewe.

Kazi ya familia ilikuwa jeneza. Thomas, mumewe, alikuwa fundi seremala, na Dennis Hanks, binamu wa Nancy, alisimulia uzeeni kwamba Abraham, mtoto wa miaka 9, ndiye aliyekaa na kisu akichonga vigingi vya kuungia mbao. Mimi hicho kisu kinanigusa kuliko marumaru yoyote.

Wengine husema: "Aliuawa na tauni." Hapana, ingawa ukiwa pale mwaka ule ungesema hivyohivyo, maana watu walikufa nyumba kwa nyumba. Wakauita ugonjwa wa maziwa, na jina hilo lilikaribia ukweli. Msituni humea mmea wa kivulini wenye vishada vya maua madogo meupe. Malisho yakikauka mwishoni mwa kiangazi, ng'ombe huingia porini na kuula. Sumu yake hupita kwenye maziwa: ng'ombe hutetemeka, na anayekunywa hutapika, huishiwa nguvu, na mara nyingi hafiki wiki mbili. Hauambukizi kwa kugusana. Nyumba nzima iliugua kwa sababu ilikunywa maziwa ya ng'ombe mmoja. Wanasayansi walikuja kuitenga sumu hiyo miaka ya 1920, karne nzima baadaye, ingawa wapo wanakijiji waliokuwa wameushuku mmea huo zamani.

Tena wapo wanaoyaita makaburi ya akina Lincoln. Wa ukoo huo aliyelala pale ni Nancy peke yake. Majirani zake kaburini ni Thomas na Elizabeth Sparrow, waliomlea, waliomtangulia kwa wiki chache kwa ugonjwa uleule, na Nancy Brooner wa nyumba ya jirani, aliyemuuguza au kuuguzwa naye, kutegemea nani anasimulia. Wengine hawana mawe yenye majina. Sarah, dada yake Abraham, alifariki 1828 akijifungua, akazikwa na kichanga chake kwenye makaburi ya kanisa la jirani. Familia ilihamia Illinois 1830. Thomas Lincoln akazikwa huko 1851, na mke wake wa pili akaja kuzikwa kando yake baadaye, na Abraham mwenyewe amezikwa Springfield, katika jimbo hilohilo.