Poti ya kemo ni nini?

Poti ya kemo ni kikopo kidogo cha kupitishia kemo, yaani dawa za saratani, kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, kwa kawaida chini kidogo ya mtulinga. Upana wake unakaribia sarafu ya shilingi 20, ila ni kinene zaidi, na hutengenezwa kwa titani au plastiki ngumu. Juu kina utando wa silikoni. Ubavuni hutoka mpira mwembamba unaoingia mshipa mkubwa wa shingoni au wa chini ya mtulinga, ukashuka hadi karibu na moyo. Kwa nje huoni kitu ila kovu na kijivimbe.

Kwa nini twende mbali hivyo na mkono una mishipa? Sisi wa Mombasa tunaweza kulielewa hili kwa jina la Kilindini, bandari yetu: meli kubwa hufuata kina. Mshipa wa mkono ni mwembamba na damu yake ni kidogo, kwa hiyo dawa kali ikipita hapo huuchoma ukuta wake. Karibu na moyo damu ni nyingi na yaenda kasi, dawa huchanganyika papo hapo. Doksorubisini, ile dawa nyekundu wanayopewa wengi wenye saratani ya matiti, ikivuja nje ya mshipa yaweza kuozesha nyama ya mkono. Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, nayo ni hivyo hivyo.

Khalati yangu alianza dawa bila poti. Alikuwa ameshatolewa tezi za kwapa la kushoto, tukaambiwa mkono ule usidungwe, akabakiwa na mmoja. Kufikia mzunguko wa tatu mishipa ilikuwa imekakamaa, ukiigusa kama kamba. Muuguzi anamwambia, “Mama, kunja ngumi,” anapigapiga kwa vidole, anamfunika kitambaa cha maji moto, anadunga, mshipa unakimbia. Siku moja alidungwa mara tano kabla ya dripu kuanza. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba kuna njia nyingine, na hilo bado laniuma.

Kuiweka ni upasuaji mdogo. Mgonjwa hupigwa ganzi, pengine na dawa ya kumsinziza, na mara nyingi kazi haizidi saa moja; wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Siku ya kemo muuguzi husafisha ngozi, akaishika poti kwa vidole viwili, akachoma katikati kwa sindano maalumu iitwayo ya Huber. Ncha yake haikati kipande cha silikoni, ndiyo maana utando hujifunga ikitolewa na huweza kudungwa zaidi ya mara 1000. Sindano ya kawaida itauharibu, kwa hiyo usione haya kuuliza ni sindano gani iliyo mkononi mwa muuguzi.

Wapo wanaodhani kuwekewa poti ni ishara kwamba ugonjwa umezidi. Sivyo kabisa. Huwekwa kwa sababu dawa ni kali, au mizunguko ni mingi, au mishipa imechoka. Mwenye dozi chache na mishipa mizuri huenda asiihitaji.

Kidonda kikishapona, na sindano ikiwa haimo, kuoga, kutia udhu, hata kuingia baharini hakuna tatizo. Khalati alichojifunza ni kuhamishia mkoba bega la pili, maana ukanda ulikuwa ukimkwaruza pale pale juu ya poti.

Lakini ni kitu kigeni mwilini, nacho huweza kuingia vijidudu au kugandisha damu. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, baridi kali baada ya kusafishwa poti, wekundu au usaha mahali pale, kuvimba mkono, shingo au uso: nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Na hata kemo ikisimama, poti husafishwa kwa maji ya chumvi, wengi kila baada ya wiki nne hivi au kadiri daktari atakavyosema, isizibe, mpaka siku itakapotolewa.