Je, wajua? Kwa mgonjwa wa dialisisi, kolesteroli ya chini si kinga ya moyo

Karatasi ya maabara ikifika nyumbani kwa mgonjwa wa dialisisi (kusafishwa damu figo zikishindwa), iwe Katuba au Kamalondo hapa Lubumbashi, jicho la ndugu hukimbilia kolesteroli. Ikiwa chini, watu hupumua: «Mafuta iko kidogo, moyo iko muzuri.» Kwa mwenye figo nzima, mara nyingi ni kweli. Lakini ugonjwa wa moyo na mishipa ndio unaoongoza kuua wagonjwa wa dialisisi, na wenye kolesteroli ya chini sana hufa zaidi kuliko wenzao.

Mafuta hayajageuka kuwa dawa. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2004, wenye wagonjwa 823, uliwatenganisha wenye inflamesheni (kinga ya mwili kuwaka bila kuzimika) au utapiamlo na wasio na matatizo hayo. Kwa wasio nayo, kolesteroli ya juu iliongeza hatari kama kwa watu wengine. Kumbe inflamesheni na utapiamlo ndivyo huishusha kolesteroli, na ndivyo huua.

Mstari wa kusoma, basi, ni CRP, protini inayotengenezwa na ini. Lifikirie ini kama karakana ya fundi vyuma. Majambazi wakianza kuzunguka mtaani usiku, kila nyumba inaagiza nondo za madirisha, na fundi anaweka kando vitanda na viti. Majambazi ni kile kinachowasha inflamesheni, agizo linaloletwa kwa ini ni kemikali ya kinga iitwayo interlukini-6, nondo ni CRP, na vitanda vilivyoachwa ni albumini, protini nyingine ya damu inayotengenezwa na ini. Ndiyo maana mgonjwa aweza kula mayai na samaki, albumini ikashuka vilevile. Anayehesabu nondo anajua majambazi wapo, ila hajui wameingia nyumba gani. Na kung'oa nondo hakumfukuzi mwizi: tafiti za kijenetiki zinaonyesha CRP yenyewe haisababishi ugonjwa wa moyo.

Statini, dawa za kushusha kolesteroli, nazo zilijaribiwa. Katika utafiti wa AURORA, uliotolewa mwaka 2009 kwa wagonjwa 2,776 wa dialisisi, rosuvastatini, mojawapo ya statini, ilishusha kolesteroli mbaya kwa asilimia 43, na CRP ikapungua pia. Vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi havikupungua kwa kiwango cha maana. Hilo halimruhusu mgonjwa kuacha statini yake bila daktari.

CRP moja haitoshi kuhukumu. Homa ndogo huipandisha, na chanzo kikiisha, hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Ikibaki juu vipimo kadhaa mfululizo, mwombe daktari akague katheta ya shingoni (mrija wa kusafishia damu), fizi na meno, na maji yaliyojaa mwilini. Kama mgonjwa bado anasafishwa kwa katheta, uliza pia kuhusu fistula, ile njia ya mkononi inayounganisha mishipa ya mgonjwa mwenyewe. Katheta ni plastiki inayokaa ndani ya damu usiku na mchana, na vijidudu hupenda kujishikiza hapo.