NVMe siyo diski, na ile ya kwenye mtandao siyo folda ya kushea

Jamani hili neno NVMe tumelichosha. Pita maduka ya kompyuta Mwanjelwa hapa Mbeya, nenda hata Iringa mjini, utaambiwa "hii laptopu inakubali NVMe" huku mtu anakuonyesha sloti. Hilo la sloti tulishazoea, tukawa tunaliacha lipite. Ila sasa hivi limepanda mpaka maofisini, mtu wa IT anasimama mbele ya bosi anasema "tumefunga NVMe ova fabriki", ukienda kuangalia unakuta seva moja ina diski za flashi, yaani za chipu zisizo na kitu kinachozunguka, imeshea folda, na watu wanafungua Excel kupitia waya wa giga moja. Hapana aisee.

Maana yenyewe ni fupi tu. NVMe ni protokoli, yaani utaratibu ambao kompyuta na hifadhi yake wanatumia kupeana amri: soma pale, andika hapa, tayari nimemaliza. Toleo la kwanza lilitoka 2011. NVMe ova fabriki, wengi wanaandika NVMe-oF, ni utaratibu huohuo ila amri zinapita kwenye mtandao badala ya kuishia kwenye PCIe, zile njia za data za ndani ya boksi, nayo toleo lake la kwanza ni la 2016. Kazi iko kwenye kuitofautisha na vitu ambavyo watu wanavibandika jina hilo.

Cha kwanza ni M.2. Kile kipande chembamba kilichoandikwa 2280, maana yake upana milimita 22 na urefu milimita 80, hiyo ni M.2, na M.2 ni umbo. Ndani ya umbo hilo inaweza kukaa diski ya NVMe, inaweza kukaa pia ya SATA, ule utaratibu wa zamani wa kuunganisha diski, na ukiziweka mezani zinafanana kama pacha. Mara nyingi ya SATA ina mikato miwili kwenye yale meno na ya NVMe ina mmoja, ila usitegemee mikato, soma stika. Kinachotokea ni mteja ananunua, anachomeka, inaingia vizuri kabisa, skrubu inakaza, anawasha, BIOS, ile programu inayoanza kompyuta ikiwaka, haioni kitu, halafu fundi anatoa hukumu: "hii NVMe mbovu". Siyo mbovu mkuu, ni SATA imewekwa kwenye sloti isiyoongea SATA. Na kwenye data senta zenyewe NVMe nyingi wala siyo M.2, kuna U.2, umbo jingine ambalo kwa macho ni kama SSD (diski ya flashi) ya kawaida ya inchi 2.5.

Kama bado unabisha kwamba NVMe ni aina ya diski, toleo la 2.0 la mwaka 2021 liliweka mpaka utaratibu wa hard disk, zile za kuzunguka. Ndiyo, hata hard disk yenye sahani na sindano inaweza kuongea NVMe. Sasa hapo utasema NVMe maana yake flashi?

Kilichowafanya waitengeneze ni foleni. SATA ilikuwa inatumia AHCI, utaratibu wa 2004, wenye foleni moja ya amri 32. Kwa hard disk ilikuwa inatosha na chenji inabaki, kwa sababu sahani ya mizunguko 7200 kwa dakika inachukua kama milisekunde 8 kumaliza mzunguko mmoja, hata ukiipa foleni elfu bado utasubiri sahani igeuke. Flashi haina cha kugeuka, inajibu kwa mikrosekunde 100 hivi au pungufu. Kuiwekea AHCI ni sawa na kununua mashine ya kusaga yenye mota ya nguvu halafu madebe ya mtaa mzima yapite kwenye kidirisha kimoja, mota inaunguruma tu, akina mama wamejipanga mpaka barabarani. NVMe inaruhusu foleni mpaka 65,535, na kila foleni inabeba amri zaidi ya elfu sitini, kwa hiyo kila koa (core) ya prosesa inapata foleni yake na hakuna kugombania.

Haya, tuje kwenye hii ya mtandao, maana ndiyo inayonikera hasa.

Ukishea folda, ile seva yenye diski ndiyo inamiliki mfumo wa faili, yaani mpangilio wa faili gani limekaa wapi. Wewe unaomba "nipe bajeti ya Julai", yenyewe inatafuta, inakupa. NVMe-oF haijui bajeti wala Julai. Inakupa vibloki vitupu, yaani vipande vya diski visivyo na majina ya faili, mfumo wa faili utauweka mwenyewe. Kwenye Linux unaandika nvme connect na anwani ya upande wa pili, kawaida poti 4420, halafu ukiandika nvme list unaona mstari mpya, /dev/nvme1n1, umekaa pale kama diski iliyofungwa ndani ya hiyohiyo mashine. Unaifomati, unaimaunti, seva haina habari kwamba diski iko raki (kabati la seva) nyingine. Na ndiyo maana ukiitoa hiyohiyo kwa seva mbili, zote ukaweka ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, na zote zikaandika, unaharibu data, maana kila moja inajiona mwenye mali. Folda ya kushea haina shida hiyo. Sasa vitu viwili vyenye tabia tofauti namna hii unaviitaje jina moja?

Kuna wanaosema basi hiyo si ni iSCSI tu. Hao angalau wamekaribia, swali lao lina maana. iSCSI nayo inatoa vibloki kupitia mtandao, ila inabeba amri za SCSI, utaratibu wa miaka ya themanini uliozaliwa na diski za kuzunguka, kwa hiyo kama huko mwisho kuna diski ya NVMe lazima kuwe na kutafsiri katikati. Kwenye NVMe-oF amri inaondoka ikiwa NVMe na inafika ikiwa NVMe, foleni zake zote zinasafiri nayo. Walioitunga walijiwekea lengo mtandao usiongeze zaidi ya mikrosekunde 10 juu ya diski iliyomo ndani. Ili kufika huko wengi wanatumia RDMA, ambapo kadi ya mtandao inaweka data moja kwa moja kwenye memori ya mashine nyingine bila kuisumbua prosesa. Baadaye, mwisho wa 2018, ikapitishwa njia ya TCP, ule utaratibu wa mtandao wa kila siku, Linux ikaipokea kwenye keneli (kiini chake) 5.0 mwaka 2019, inachelewa kidogo kuliko RDMA ila inapita kwenye switchi ambazo watu tayari wanazo.

Faida yake ni kwamba diski haziozi. Seva moja ina tera 8 inatumia 2, jirani yake imejaa inalia, ukizitoa diski zote ukaziweka sehemu moja kila seva inakatiwa kipande inachohitaji.

Ila mtandao wenyewe uwe wa maana. Waya wa giga moja, na hapo ni gigabiti siyo gigabaiti, biti nane ndiyo baiti moja, mwisho wake ni megabaiti 125 kwa sekunde, hata SSD ya SATA ya bei rahisi inaupita. Diski nzuri ya NVMe inasoma gigabaiti 7 kwa sekunde, waya wa giga 100 unabeba gigabaiti 12.5, kwa hiyo diski mbili tu zimeshaujaza. Giga 100 kwenye data senta siyo mbwembwe.

Na umbali nao usisahaulike, maana kuna wauzaji wanaahidi "flashi ya Dar ukiwa Mbeya". Mwanga kwenye faiba unatumia kama mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kutoka hapa Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, kwenda na kurudi ni milisekunde 8 hata kabla diski haijafanya chochote, yaani flashi yako umeshaigeuza hard disk. Hii kitu ni ya ndani ya jengo, raki kwa raki.

Kwa hiyo ndugu yangu wa IT, ulichofunga hapo ofisini ni seva ya faili yenye diski za NVMe. Ni kitu kizuri, folda zitafunguka, na kwa ofisi ya watu ishirini wala huhitaji zaidi ya hapo. Iandike hivyohivyo kwenye ripoti. Na wewe wa dukani, mteja akija uliza tu: M.2 ya NVMe au M.2 ya SATA?