Keki ya limau: dhana zinazoiharibu na ukweli wake

"Nimekamulia malimau matano na bado hainukii!" Lawama hii huzaliwa na dhana kwamba ukitaka keki ya tabaka inukie limau au chungwa, dawa ni kuongeza maji yake. La hasha. Maji ya limau huleta ukali. Harufu imo kwenye mafuta yaliyojificha katika ganda, ile sehemu ya juu yenye rangi. Likunje ganda bichi karibu na mwali wa mshumaa uone mafuta yanavyorukia motoni na kuwaka cheche. Maji yakizidi, mchanganyiko hulegea na keki hutoka nzito katikati.

Basi kwaruza ganda kabla hujalikata tunda, kwa kikwaruzo chenye matundu madogo, na uishie kwenye rangi. Ukigusa nyeupe umekaribisha uchungu. Kisha lifikiche na sukari kwa vidole mpaka sukari iwe kama mchanga uliolowa. Kazi ya dakika mbili, lakini mimi naipenda kuliko ladha yoyote ya chupa.

Wapo wanaoogopa kwamba limau litakatisha maziwa. Litayakatisha kweli, na si hasara: kijiko kikubwa kimoja kwenye kikombe cha maziwa, yaache dakika 10, upate maziwa machachu yanayoilainisha keki. Mchanganyiko ukikatika baada ya kutia mayai, usilisingizie limau. Mara nyingi mayai yametoka moja kwa moja kwenye friji, na siagi haipatani na ubaridi.

Krimu ya siagi ya kupaka keki ikiteleza, wengi humwaga sukari ya unga hadi koo likereke. Aghalabu kosa ni joto. Siagi hulegea kabisa ikifika nyuzi 30 na kitu, na keki iliyopoa juu huenda bado ina moto ndani. Iache ipoe kabisa. Krimu nayo itie kwenye friji kwa dakika 15, uichape tena, na ladha uitoe kwenye ganda. Maji ya limau yasizidi kijiko kimoja au viwili.

Eti friji huifanya keki ibaki laini? Ubaridi wake huukakamaza wanga upesi. Lakini krimu ya jibini lazima ikae humo, basi itoe keki mapema kabla ya kuikata.

Na kile kinundu cha juu si dalili ya keki kuharibika. Kikate kwa kisu chenye meno, tabaka zikae sawa. Kipande hicho ni haki ya mpishi.