Tenga likioza, nguzo inabaki

Kila nikiwaonyesha wanafunzi wangu picha za Cattedrale Vegetale, yaani "kanisa kuu la mimea" lililoko Italia, swali huwa lilelile: "Mwalimu, hii ni sanaa au shamba la miti?" Nawaambia wahesabu nguzo kwanza.

Ziko 80, zimepangwa zikaacha njia tatu katikati, kama kanisa kuu la Kigothiki, ule mtindo wa Ulaya ya zama za kati wenye matao ya ncha. Msanii Giuliano Mauri, Mwitaliano, alizisimamisha mwaka 2001 katika bonde la Sella, kaskazini mwa Italia. Kila nguzo ilikuwa tenga la matawi yaliyosukwa, upana mita moja, kimo mita 12. Chukua dema la mvuvi, lisimamishe wima, lirefushe mpaka lilingane na jengo la ghorofa tatu hivi. Ndani yake, chini kabisa, ukapandwa mche mmoja wa karpino, mti wa misitu ya Ulaya.

Ujanja wote uko hapo. Mche hukua kama sentimita 50 kwa mwaka, na tenga linaubana usitanuke ovyo, kwa hiyo unafuata mwanga juu. Wakati huohuo mvua na theluji vinalila tenga. Matawi yanalainika, yanaporomoka, yanageuka mboji ya mti uleule. Hesabu ya Mauri ilikuwa miaka 20 hivi: tenga likiisha, mti uwe umeshika nafasi yake. Mwashi anayejenga tao huliwekea mbao chini mpaka chokaa ishike, kisha huzing'oa. Mauri aliiachia mvua kazi ya kung'oa. Ya mkono wa mtu ni kupogoa, ili vilele vikutane na kufanya paa. Mwenyewe alifariki mwaka 2009, miti ikiwa bado michanga.

Wapo wanaosema wajenzi wa Kigothiki waliiga msitu. Binafsi siiamini hadithi hiyo. Tao lenye ncha lilipendwa kwa sababu ya uzito: linazisukuma kuta kidogo kuliko tao la duara. Ila ukisimama chini yake, shingo inainuka vilevile kama chini ya miti mirefu, na hilo ndilo wasanii wanalolitumia.

Msanii Marinus Boezem alilitumia kwa njia nyingine huko Almere, Uholanzi. Mwaka 1987 alipanda popla 178, miti myembamba inayopanda juu, kwa kufuata ramani ya kanisa kuu la Reims, Ufaransa, urefu mita 150. Msitu wa kale haukuwapo. Ardhi yenyewe ilikuwa chini ya maji hadi mwaka 1968. Popla hazina umri mrefu, naye alilijua hilo. Jirani na popla hizo, ndani ya kichaka cha miti mingine, akaacha uwazi wenye umbo lilelile la kanisa. Popla zikianguka, hilo la pili litakuwa limeshapata kuta.

Hapo darasa hunyamaza. Kisha mmoja huuliza nani atalipwa kufyeka huo uwazi. Swali la haki kabisa, maana usipofyekwa unajifunga.