Je, Wajua? Pembe za Mombasa Hazikutoka kwa Ndovu Yeyote

Nilikuwa darasa la nne mjomba aliponisimamisha chini ya zile pembe nne za Moi Avenue, Mombasa, akaniambia kila moja imeungwa kwa mamia ya pembe za ndovu wa Tsavo. Niliamini. Kibaya zaidi, nilipokua nikawa nawahadithia wageni, pamoja na hesabu ya ndovu, kwa sauti ya mtu aliyesoma mahali. Siku moja nilipita pale na rafiki yangu fundi wa mabati. Sijamaliza hata ndovu wa kwanza, akanyoosha mkono akaigonga pembe kwa kifundo cha kidole. Ililia kama sufuria tupu.

Ni alumini. Ni ileile ya sufuria, kwa kweli.

Ningelitambua hilo mapema kama ningetumia macho. Pembe nzito zaidi zinazojulikana duniani ni jozi ya ndovu wa Kilimanjaro aliyeuawa mwishoni mwa karne ya 19. Ziliuzwa Unguja na leo zimo katika jumba la makumbusho ya viumbe, London. Kila moja ina urefu wa takriban mita 3. Za Mombasa zinapinda juu ya barabara, na lori linapita chini yake bila kugusa kitu. Ndovu mwenye meno hayo angekuwa anakula minazi kama mchicha.

Ndiyo, meno. Pembe ya ndovu si pembe, ni jino la mbele la taya la juu lililoendelea kukua. Kiswahili kiliamua kuliita pembe, na ndovu hawajalalamika. Lakini hilo ndilo linaloua hata hoja ya mjomba ya kuunganisha vipande: jino hunywa unyevu na kuutoa. Liache nje, jua la mchana, mvua ya masika, jua tena, na litapasuka kwa nyufa za urefu kama gogo lililokatwa bichi. Hakuna mji ambao ungetundika mali ya bei hiyo juu ya barabara kuu ili ipasuke.

Kosa langu la pili lilikuwa la Malkia wa Uingereza. Husemwa kwamba pembe ziliwekwa mwaka 1952 kumlaki Elizabeth, na kwamba alipita chini yake. Kuhusu kumlaki, hivyo ndivyo masimulizi mengi yanavyosema: mapambo ya mbao na turubai, kwenye njia ya kutoka mjini kwenda bandari ya Kilindini (barabara yenyewe ikiitwa Kilindini Road), ambako meli Gothic ilikuwa ikimsubiri aendelee na safari. Kupita ndiko hakukuwako. Tarehe 6 Februari baba yake, mfalme, alifariki. Elizabeth alikuwa bara, upande wa Mlima Kenya, na akarudi Uingereza kwa ndege kupitia Entebbe. Mji ulikuwa umempambia mgeni ambaye hakufika.

Mgeni aliyefika ni mdogo wake, Princess Margaret, mwaka 1956, katika ziara ileile iliyoiachia Dar es Salaam hospitali yenye jina lake, ambayo leo ni Muhimbili. Kwa maelezo yanayorudiwa zaidi, hapo ndipo turubai lilipobadilishwa kwa mabati ya alumini. Ile herufi M ambayo jozi mbili zinaiandika, na watu huisoma Mombasa, inaelekea kuwa bahati tu.

Sasa swali lenye utamu: kwa nini alumini imedumu pale, mahali ambapo upepo wa chumvi hula geti la chuma kabla mwenye nyumba hajalizoea?

Chemsha maziwa uyaache yapoe. Juu hufanyika utando. Uondoe kwa kijiko, na yakiwa bado na moto utajifanya mwingine. Alumini hufanya hivyo hivyo na hewa. Ikiguswa tu na oksijeni hujivika utando mwembamba ajabu, sehemu chache tu za milioni za milimita, nao hugandamana na alumini yake usiachie. Ukiukwaruza, mwingine hujaa papo hapo. Ndiyo sababu sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga hung'aa kisha ikafifia, lakini haishiki kutu. Na utando huo, kwa kemia yake, ni ndugu wa yakuti: ni alumini na oksijeni, ila bila mpangilio wa kito na bila ile rangi nyekundu. Kila jikoni mna kabati la vito visivyouzika.

Kutu ya chuma ni kama chokaa mbovu ukutani. Hunywa maji, huvimba, hubanduka, na kila inapobanduka huacha chuma kipya wazi kwa kuliwa. Utando wa alumini hukaa kama mlinzi, kutu ya chuma hukaa kama mwizi aliyeachiwa mlango.

Hata hivyo, chumvi si mchezo. Acha sufuria na wali wenye chumvi hadi asubuhi mara kwa mara, utaona vidoadoa vyeusi, na siku moja tundu. Chumvi hutoboa utando mahali padogo na kuchimba hapo hapo. Pwani tatizo hilo huanzia pale maji na vumbi vinapotuama, kwenye viungo na mikunjo. Tena alumini ikigusana na bolti ya chuma penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo huliwa kwanza. Kwa hiyo uzuri wa utando si ruhusa ya kuacha kupaka rangi na kukagua. Uzito nao ulisaidia: alumini ina takriban theluthi moja ya uzito wa chuma cha ukubwa uleule, jambo jema kwa kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu.

Nilimpelekea mjomba habari hizi zote, pamoja na ile ya kugonga. Alinyamaza, akamaliza kahawa yake, akasema: "Hiyo uliyogonga ni ganda. Za ndovu zimo ndani."