Uholanzi: kushinda uchaguzi si kushika serikali

Dhana: Chama kilichoongoza kwa kura ndicho kinachotoa waziri mkuu.

Hii ndiyo inayopotosha wengi, nayo hurudi kila Waholanzi wanapopiga kura. Mwaka 1977 chama cha Wafanyakazi, PvdA, chini ya Joop den Uyl kilipata viti 53, vingi kuliko chama kingine chochote. Mazungumzo yake na CDA, chama cha Kikristo kilichokuwa na viti 49, yakaburuzwa kwa miezi hadi yakavunjika. CDA ikageukia VVD, chama cha kiliberali chenye viti 28, wakafikisha 77 kati ya 150 vya bunge, na Dries van Agt akawa waziri mkuu. Mshindi akaishia upinzani, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Novemba 2023 PVV ya Geert Wilders, chama cha mrengo mkali wa kulia, ikaongoza kwa viti 37. Machi 2024 mwenyewe akatangaza kwamba hatakuwa waziri mkuu, kwa kuwa si vyama vyote alivyovihitaji vilivyokubali. Viongozi wa vyama vinne vya mseto wakabaki bungeni, na nafasi ikaenda kwa Dick Schoof, mtumishi wa umma aliyewahi kuongoza idara ya usalama, AIVD. Hakuwa amegombea popote. Aliapishwa 2 Julai 2024.

Dhana: Kulegeza msimamo ni kuwasaliti wapiga kura.

Neno usaliti hapa linatumika vibaya mno. Hakuna chama cha Uholanzi kilichowahi kufikisha viti 76 peke yake tangu uwakilishi wa uwiano, yaani viti kugawanywa kulingana na kura, uanze, kwa hiyo kila ahadi ya kampeni inategemea watu wengine kuikubali. Januari 2024 Wilders aliondoa bungeni miswada yake mitatu, ukiwamo uliotaka kupiga marufuku misikiti, Qurani na shule za Kiislamu. Bila hatua hiyo, chama cha NSC, kilichosisitiza heshima kwa katiba, kisingekaa naye mezani. Kwa Mwislamu anayeishi Rotterdam, hayo yalikuwa mafanikio ya kweli ya mazungumzo.

Dhana: Mseto ni kugawana vyeo tu.

Tuliozoea kusikia habari za nusu mkate wa Kenya wa 2008 tunaelewa dhana hii inatoka wapi. Uholanzi waraka wa sera ndio hutangulia: ule wa serikali ya Schoof ulitolewa Mei 2024, majina ya mawaziri yakafuata. Na jina kupendekezwa hakutoshi. Mtu wa kwanza aliyetajwa na PVV kwa wizara ya uhamiaji aliondolewa Juni, baada ya kuchunguzwa na AIVD.

Dhana: Mawaziri ni wabunge.

Tanzania ndivyo ilivyo. Uholanzi mbunge akiwa waziri huacha kiti chake, kama Kenya chini ya katiba ya 2010.

Dhana: Mfalme ndiye anayeamua nani aunde serikali.

Hapana. Tangu 2012 bunge ndilo linalowateua wanaosimamia mazungumzo. Mfalme husaini na kuapisha.

Dhana: Mseto ukivunjika, nchi haina serikali.

PVV ilijitoa 3 Juni 2025 baada ya washirika kukataa kusaini mpango wake wa kubana wakimbizi. Mawaziri wake wakaondoka, Schoof na waliosalia wakaendelea na kazi za kila siku, na uchaguzi ukafanyika 29 Oktoba.